Nyumba ya Milango Sita

Siku ile, pale Misugusugu, watu wazima walilala chini mchana kweupe, na kati yao hakukuwa na mgonjwa wala mlevi. Walikuwa watu wasio na nyumba, na aliyewaomba walale alikuwa Evaline, msanifu majengo kijana kutoka Dar es Salaam. Shirika lililomtuma lilikuwa limepata kiwanja nyuma ya soko, likataka kuwajengea mahali pa kulala. Evaline alikataa kuchora peke yake ofisini. Alisema amechoka kuona nyumba za wasio na nyumba zinachorwa na wenye nyumba.

"Msinieleze," aliwaambia. "Nionyesheni. Laleni kama mnavyolala kila siku, mimi nitawazungushia chokaa."

Wengine walichekacheka kwa haya. Sikuzani hakucheka. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na ushei, mfupi, mdomo wake hauna breki, na akishaamua jambo hata ng'ombe wa kulimia hawamgeuzi. Zamani alikuwa na kibanda cha mihogo ya kukaanga kando ya barabara kuu, na nyuma ya kibanda chumba cha kupanga. Moto ulioteketeza vibanda vya barabarani uliondoka na vyote viwili asubuhi moja. Tangu hapo alilala kwenye baraza la duka lililofungwa, na mihogo akaikaanga kwenye jiko la kuazima. Binti yake wa pekee, Kudra, alimpeleka Marui, Kisarawe, kwa Ashura, dada wa marehemu mumewe. Alisema ni kwa wiki mbili. Sasa ulikuwa mwaka wa pili.

Kwa hiyo alipojilaza pale kiwanjani hakuwa na mchezo. Alikuwa anamtafutia mwanawe njia ya kurudi.

Alilala ubavu, viatu chini ya kichwa, furushi katikati ya magoti, uso umeelekea barabarani. Wenzake wakafuata. Akalala Masanja, Msukuma mrefu aliyeshuka Pwani na ng'ombe wa baba yake akaishia kutobaki na hata mkia. Akalala Tereza, muuza mchicha. Akalala mzee Hamidu, ambaye kwa kweli alilala, akaanza kukoroma, wakamwacha. Evaline akapita na ndoo ya chokaa, akamzungushia kila mmoja mstari mweupe, kisha akawaomba wainuke watazame.

Wote walikuwa pembezoni. Kila mmoja ameegemeza mgongo mahali ambapo ukuta ungekuwa, na kila mmoja ameelekea upenyo. Katikati ya kiwanja hakukuwa na mtu.

"Mlango tuuweke wapi?" Evaline aliuliza.

"Hapa," alisema Masanja, akionyesha miguuni pake.

"Na hapa," alisema Sikuzani. "Mlinzi akija na rungu upande ule, mimi nitokee upande huu."

"Na mimi huku nyuma," akadakia Tereza.

Mpaka jua linapinda walikuwa wamefikisha milango sita. Kuta zikaamuliwa ziishie kifuani ili mtu akisimama aone anayekuja. Vyumba havikutajwa kabisa. Ilikuwa nyumba moja pana, paa juu, milango sita, na walipoulizwa kama wanaitaka hivyo mikono yote ilinyooka. Wa Sikuzani ulitangulia. Evaline alikunja ramani kwa furaha ya mtu aliyesikiliza vizuri, na wao wakapiga makofi, maana ilikuwa mara ya kwanza mtu kuwauliza kitu na kisha kukiandika.

Mzoea punda hapandi farasi, na hata akipewa farasi atamtafuta masikio marefu. Lakini siku ile hakuna aliyeliona hilo.

Jumapili iliyofuata Sikuzani akapanda gari mpaka Mlandizi, akaunga la Mzenga, akamalizia kwa bodaboda mpaka Marui. Alibeba habari yake kama mtu abebaye keki, kwa mikono miwili.

Kudra alimpokea uani. Alikuwa amerefuka. Shingo ilikuwa ya marehemu baba yake, na gauni lilikuwa limeanza kumbana kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Karibu."

Akamletea kigoda, kisha akaenda ndani na kurudi na maji ya kunywa, kikombe kimewekwa juu ya kisahani. Sikuzani aliyatazama yale maji. Mtoto hamletei mama yake maji juu ya kisahani. Hivyo huletewa mgeni. Aliyanywa yote, akakirudisha kikombe juu ya kisahani.

Ashura alikuwa akimenya mihogo. Alikuwa mwanamke mtulivu, asiyepandisha sauti, na kwa sababu hiyo maneno yake yalikuwa mazito kuliko ya wenye kelele. Hakuwahi kujaliwa mtoto. Alimsikiliza wifi yake mpaka mwisho: kiwanja, chokaa, msanifu, mafundi walioanza kuchimba msingi.

"Alhamdulillahi," alisema. "Hebu nichoree hiyo nyumba niione."

Sikuzani akaokota kijiti, akachora mchangani. "Huu ukuta. Huu mlango. Huu mlango mwingine. Hapa mlango wa Tereza..."

Ashura aliacha kumenya. "Wifi, hiyo ni stendi."

"Usinitanie."

"Sikutanii. Watu wanaingia huku wanatokea kule. Kuku wangu pale wana banda la mlango mmoja, na wanalala usingizi." Kisha akamwita Kudra, akamtuma kwa jirani kuazima kinu, na mtoto alipopotelea nyuma ya migomba akashusha sauti. "Umemwona mwanao alivyo. Akivunja ungo, utamweka ndani wapi?"

Sikuzani aliutazama mchoro wake mchangani, akaihesabu tena milango.

Kwao ndivyo ilivyokuwa. Msichana akivunja ungo huwekwa ndani. Zamani ilikuwa miezi, siku hizi shule haingoji, zinatosha siku chache za kufundwa na kusomewa dua. Lakini ndani lazima pawe ndani: chumba, mlango wa kufunga, mwali asionwe na mwanamume. Na siku ya kutoka hutolewa kwa mlango ule ule, kwa vigelegele, majirani wamejaa, na mlango aliotokea ndio unaohesabiwa kuwa kwao. Mtoto wa kike aliweza kulelewa popote. Kwao palikuwa pale alipotolewa mwali.

"Mimi sikunyimi mwanao," Ashura alisema. "Siku utakayonionyesha mlango wa kufunga, nitamleta mwenyewe. Ila jambo likitukuta akiwa hapa nawe huna pa kumweka, nitamweka chumbani kwangu, na atatokea mlango huu. Tena nitafurahi, wifi, sikufichi. Nakwambia leo ili kesho usije ukasema nimekuibia."

Lingekuwa jambo rahisi kama Ashura angekuwa mtu mbaya. Sikuzani aliaga mapema. Alimkasirikia Ashura mpaka Mzenga, akamkasirikia Evaline mpaka Mlandizi, na gari lilipokaribia Misugusugu hakubaki mtu wa kumkasirikia isipokuwa yeye mwenyewe. Nani aliyesema milango sita? Nani aliyenyoosha mkono kwanza? Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Wao waliambiwa wajenge nyumba, wakajenga njia za kukimbilia. Waliulizwa wanalalaje, wakajibu kweli tupu, na hakuna hata mmoja aliyesema kwamba hivyo sivyo anavyotaka kulala.

Alishuka garini akaenda moja kwa moja kiwanjani. Haikuwepo kazi siku ile, lakini mtaro wa msingi ulikuwa umeshachimbwa upande mmoja. Asubuhi yake, mafundi walipofika, walimkuta ameketi ndani ya mtaro, kanga kiunoni, miguu ameinyoosha.

"Mama Kudra, toka humo," alisema Ponsiano, msimamizi wa mafundi, mtu wa haraka ambaye hata salamu alizikata nusu. "Tunamwaga zege."

"Mwaga."

"Juu yako?"

"Kama huna pengine pa kumwaga."

Ponsiano aliwatazama mafundi wake, mafundi wakatazama pembeni. Akampigia simu Evaline.

Evaline alifika saa nne, viatu vimejaa vumbi. Hakugomba. Aliketi ukingoni mwa mtaro, akasikiliza habari ya Marui yote.

"Mama Kudra, mimi sikuongeza hata ukuta mmoja. Nilichora mlipolala."

"Najua. Wewe hukukosea kusikia. Sisi tulikosea kusema."

"Na mimi nilifurahi mno kusikia, nikasahau kuuliza kwa nini mko wote pembezoni." Alichukua udongo akausaga vidoleni. "Sasa nami nikwambie kweli. Vyumba vinakula nafasi. Ukubwa wa paa hauongezeki. Nikiweka kuta ndani, wako watakaobaki nje, na mimi sitamtoa mtu ili mwingine apate kitasa. Mkipata vyumba na wote mkabaki ndani, nitachora upya. Nawapa mpaka Ijumaa. Baada ya hapo nitamwaga zege, hata ukiwemo."

"Ijumaa inatosha," alisema Sikuzani, ingawa hakujua kama inatosha. Akatoka mtaroni akaenda kuwakusanya wenzake.

Haikuwa kazi ndogo. Watu walikuwa wameshaizoea nyumba yao ya milango sita, wameshajisifia nayo sokoni. Tereza alisema Sikuzani ana kigeugeu. Mwingine alisema anataka chumba kwa ajili ya mwanawe, wengine wafe. Sikuzani alijibu kila mtu, na baadhi yao aliwajibu vibaya, lakini kufikia Jumatano wote walikuwa kiwanjani, wamezunguka mistari ya chokaa iliyoanza kufifia.

Evaline aliwapitisha kwenye mistari ile kwa miguu. "Tembea kutoka mlango wako mpaka katikati," aliwaambia mmoja mmoja. "Sasa geuka utazame nyuma. Hapo ulipopita, mtu anaweza kulala?"

Hawezi, walisema, atakanyagwa.

"Kila mlango unataka njia yake, na njia hailaliwi. Milango sita, njia sita. Nusu ya nyumba yenu ni njia."

Sikuzani aliona jibu kabla ya wengine, na alipoliona lilimuuma, kwa sababu usiku wote wa mwaka mzima alikuwa amelala akijua anatokea wapi. Alisogea mpaka kwenye mlango wake, ule wa kumkimbia mlinzi, akaufuta kwa unyayo. Chokaa ikachanganyika na mchanga.

"Mimi nimetoa wangu," alisema. "Nani mwingine?"

Mzee Hamidu alisema wake wauchukue, yeye ndani hatalala hata wamjengee jumba la mfalme, baraza linamtosha, ila liwe na paa. Tereza alisita, akafanya masharti: chumba chake kipakane na cha Sikuzani, maana hata kama ana kigeugeu, usiku hakoromi. Ukafutwa. Ukafutwa na mwingine, baada ya maneno mengi. Milango miwili ilikuwa imebaki: mmoja ambao ungekuwa mlango mkubwa wa wote, na mwingine wa Masanja.

"Mimi siutoi," alisema Masanja.

"Kaka Masanja, bila njia yako vyumba vitatu havipatikani," alisema Evaline.

"Visipatikane."

Alisema bila hasira, na ndiyo maana walijua amemaanisha. Tereza akaanza kumnanga. Masanja alikunja mikono ya shati mpaka juu ya viwiko. Makovu yake ya kuungua waliyajua wote, hakuna aliyewahi kuyauliza. "Siku ile ya moto nilikuwa stoo, mwisho wa vibanda," alisema. "Nilikuwa mlinzi. Bosi alikuwa ananifungia kwa nje, kufuli, ili mali isitoke. Ananifungulia asubuhi akija. Siku ile moto ulimtangulia. Nilitokea juu, nilipasua bati kwa mikono hii." Akashusha mikono ya shati. "Mjenge vyumba vyenu. Mimi mniachie mlango wangu, au mniache nje."

Mkutano ukaisha hapo. Sikuzani alirudi kwenye baraza lake ameshika tama. Siku zote alidhani moto ule ulimwonea yeye kuliko wote. Aliona aibu, kisha akaona huruma, kisha, kwa vile alikuwa yeye, akaanza kutafuta njia. Kumwonea mtu huruma hakukumrudisha Kudra. Lakini hakutaka pia kumrudisha Kudra kwa kumwacha Masanja nje, na alijiapia hivyo huku akijua kwamba kiapo hicho kingeweza kumgharimu mtoto.

Alhamisi asubuhi alimfuata Masanja kwenye gulio la mkaa alikokuwa akishusha magunia.

"Kaka, nikuulize kitu. Lile kufuli lilikuwa nje au ndani?"

"Nilishakwambia. Nje."

"Na kama lingekuwa ndani?"

Masanja alitua gunia. "Ningefungua nikatoka."

"Basi njoo nami."

Walikwenda kiwanjani, kwenye stoo ya mabati ambamo Ponsiano aliweka saruji. Sikuzani akamtaka Ponsiano ang'oe pete za kufuli zilizokuwa nje na kupigilia komeo kwa ndani.

"Stoo gani hufungwa kwa ndani?" Ponsiano aling'aka. "Saruji itajifungia yenyewe?"

"Mpaka kesho tu."

Ponsiano alilalamika kwa kirefu, lakini nyundo alikuwa ameshaishika. Naye alitaka kazi yake iendelee. Komeo lilipokaa, Sikuzani alimgeukia Masanja. "Ingia, ufunge. Mimi nakaa hapa nje. Hakuna mtu atakayeugusa mlango huu, hata dunia ipinduke. Utatoka utakapotaka wewe."

Masanja alisimama mlangoni muda mrefu. Aliupima ule mlango juu mpaka chini, akaingiza mkono akalisogeza komeo, likaenda, likarudi. Jasho lilikuwa likimtiririka na jua halijapanda. Kisha akainama akaingia, na wakasikia komeo likikaa mahali pake.

Sikuzani aligeuza ndoo akaikalia. Wenzake wakaja mmoja mmoja, habari ikiwa imeshafika sokoni. Hakukusikika kitu ndani. Tereza akanong'ona kwamba labda amezimia. Ponsiano akaja kutaka mifuko miwili ya saruji ya kufyatulia matofali.

"Hutoi mfuko," alisema Sikuzani.

"Mama, watu wangu wamekaa."

"Wanywe chai. Nimempa mtu neno langu."

Alibaki juu ya ndoo yake. Alifikiri, akitoka humo akipiga mayowe, yamekwisha, na Kudra atatolewa Marui. Aliinuka akasogeza sikio karibu na bati bila kuligusa. Akakaa hivyo kitambo, kisha akageuka, uso umembadilika.

"Anakoroma," alisema.

Hawakuamini. Walisogea wote, wakasikiliza. Masanja, ambaye tangu moto ule alilala jicho moja wazi, ambaye panya akipita anasimama, alikuwa anakoroma juu ya mifuko ya saruji kama mtoto aliyeshiba. Mtu mmoja akacheka, wengine wakamzima kwa mikono. Hata Ponsiano aliondoka kwa kunyata.

Alitoka alasiri, shavu moja jeupe kwa saruji, akawakuta wote wameketi wanamngoja.

"Mbona hamkuniamsha?" aliuliza kwa haya.

"Mlango ulikuwa wako," alisema Sikuzani.

Masanja alitembea mpaka kwenye chokaa, akaufuta mlango wake kwa unyayo mkubwa, mara mbili, usionekane. Kisha akamwambia Evaline, aliyekuwa amefika na ramani zake, mambo mawili. La kwanza, chumba chochote humo ndani kisiwe na pete ya kufuli kwa nje, hata cha mtoto mchanga. La pili, dirisha lake liwe chini, usawa wa macho ya mtu aliyelala, kwa sababu mtu aliyekua akichunga ng'ombe halali akitazama ukuta. Evaline aliyaandika yote mawili, na lile la dirisha wengi wakalitaka. Ijumaa waliingia kwenye mistari mipya, wakalala tena juani, mmoja mmoja katika chumba chake cha chokaa, na safari hii Evaline alimuuliza kila mtu kwa nini amelala alivyolala. Zege likamwagwa Jumatatu.

Nyumba ilipanda. Haikuwa nzuri kama nyumba za kwenye picha. Vyumba vilikuwa vyembamba, korido watu wawili wenye ndoo hawapishani, na Tereza aligundua kwamba ukuta wake na wa Sikuzani unapitisha sauti, akaanza kulalamika kabla hajahamia. Lakini ilikuwa na mlango mmoja mkubwa mbele, na vyumba kuwatosha wote. Sikuzani alisomba maji ya zege mpaka mabega yakachubuka. Aliwasukuma mafundi asubuhi, akawasukuma jioni, na kila alipoona binti wa umri wa Kudra akipita barabarani na sare ya shule alirudi kisimani mbio. Hakuwa na namna ya kujua ni lini. Mwili wa mtoto haumngoji fundi.

Kazi ilipoisha ilibaki sherehe. Shirika lilisema mgeni rasmi angekuja Jumamosi kukata utepe, na mpaka akate, mtu asiingie. Utepe mwekundu ukafungwa kwenye mlango mkubwa, Ponsiano akaachwa aulinde. Sikuzani alikubali. Siku mbili angeweza kuzivumilia.

Alhamisi, jua likiwa bado la asubuhi, bodaboda mbili zilisimama kiwanjani. Kutoka ya kwanza alishuka Ashura. Kutoka ya pili, iliyoendeshwa na mwanamke, alishuka mtu aliyefunikwa kanga mbili kuanzia utosini mpaka magotini, akainamisha kichwa, akasimama alipoambiwa asimame.

Sikuzani alikuwa ameshika ufagio. Ulimdondoka.

"Imetokea alfajiri," Ashura alisema, sauti ile ile ya chini, ila leo ilikuwa na mikwaruzo. "Nilikaa naye kitandani kwangu, nikaufikiria mlango wangu. Nilifikiri sana, wifi. Halafu nikasema ahadi ni deni. Nimesikia nyumba imekwisha. Imekwisha au haijaisha?"

"Imekwisha."

Masanja alikuwa akisafisha uwanja pamoja na wengine. Kwao Usukumani hawakuwa na desturi hii, lakini alimwona mtoto alivyofunikwa, akaelewa kinachotosha. "Wanaume wote twende barabarani," alisema. Wakaenda, bila kugeuka. Mzee Hamidu alivutwa mkono kutoka barazani.

Akabaki Ponsiano, mbele ya mlango, mgongo kwenye utepe.

"Mama Kudra, hairuhusiwi," alisema. "Mimi nimeagizwa. Mgeni rasmi anakuja Jumamosi."

"Mgeni rasmi ameshafika, fundi. Huyo hapo."

"Watanifukuza kazi."

"Waambie nilikupiga," alisema Sikuzani, na jinsi alivyosema Ponsiano hakuwa na hakika kama ni utani. Akapita pembeni yake. Hakuukata utepe. Aliufungua fundo kwa fundo, polepole, akaukunja vizuri na kuuweka mkononi mwa Ponsiano. "Jumamosi mtaufunga tena. Sasa nenda barabarani na wanaume wenzako."

Ponsiano akaenda.

Ashura aliingia kwanza. Alipita koridoni, akaingia chumba cha Sikuzani, na Sikuzani akamsikia akifanya kila alichotarajia afanye: akafunga mlango, akausukuma kwa bega, akafungua, akalitazama dirisha. Lilikuwa chini. Ashura akavua mtandio wake akalitundikia dirisha hilo, akapima kama linaonyesha ndani, likawa halionyeshi. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, lakini alitikisa kichwa kukubali.

"Ni padogo," alisema.

"Ni padogo," alikubali Sikuzani.

"Panafungika."

Tereza akatandika mkeka. Sikuzani akasimama katikati ya chumba, akawa hajui aweke wapi mikono yake. Alikuwa amepigania mlango huu kwa zege na kwa matusi, na sasa aliogopa, waziwazi, kwamba mtoto ataingia kama alivyompokea siku ile Marui, kwa adabu, kama mgeni.

Kudra akaletwa koridoni ameshikwa mkono na Ashura. Alifika kwenye mlango wa chumba akasimama. Hakuona kitu isipokuwa miguu yake na kizingiti kipya cha saruji. Kutoka chini ya kanga ikatoka sauti ndogo, ya mtoto aliyefundishwa vizuri na shangazi yake.

"Hodi."

Ashura alijisogeza ukutani. Hilo hakuwa na haki ya kulijibu yeye.

"Mtu hapigi hodi kwao," alisema Sikuzani. "Ingia."

Mtoto akasita kidogo, kisha akanyanyua mguu akavuka kizingiti.